Bondia mwepesi dhidi ya jitu: kupanga na kupigana pambano la uzito wa juu

Katika ngumi za kulipwa, uzito wa juu unaanzia pauni 200, yaani kilo 90.7, na kwenda juu hakuna kikomo. Mabondia wa uzito mwingine hukutana wakiwa wamekaribiana kwenye mizani. Hapa mtu wa kilo 102 anaweza kupangiwa wa kilo 127, na ndivyo ilivyokuwa Riyadh tarehe 21 Desemba 2024: Oleksandr Usyk alipima pauni 226, Tyson Fury 281, na majaji wote watatu wakampa Usyk ushindi wa pointi 116-112.

Mwongozo huu ni wa kocha mwenye bondia mwepesi aliyepangiwa jitu. Msingi wake ni mmoja: usishindane na uzito wa mpinzani, mfanye aubebe. Kila anapogeuka, kila konde lake linapopita hewani, kila anapolazimika kurudisha mguu nyuma, awe ametumia pumzi ambayo dakika moja ya mapumziko haimrudishii. Mtu wa kilo 120 anayetembea mbele taratibu hachoki. Anayegeuzwa-geuzwa dakika tatu mfululizo anachoka hata kama hajapigwa.

1. Amua uzito wa kupigania

Kwa kuwa hakuna kikomo, uzito ni sehemu ya mbinu. Anthony Joshua alipanda ulingoni New York tarehe 1 Juni 2019 akiwa na pauni 247, akapigwa na Andy Ruiz kwa TKO (refa kusimamisha pambano) raundi ya 7. Tarehe 7 Desemba mwaka huohuo, huko Diriyah, Saudi Arabia, alikuja na pauni 237, akazunguka ulingo raundi zote 12 na kushinda 118-110, 118-110 na 119-109. Ruiz yeye alikuwa amepanda kutoka 268 hadi 283, na miguu yake haikumfikisha popote.

Uzito usiotayarishwa ni hatari zaidi. Martin Bakole wa Kongo alimsimamisha Jared Anderson raundi ya 5 huko Los Angeles, Agosti 2024. Februari 22, 2025 aliitwa Riyadh siku mbili tu kabla ya pambano kuziba nafasi iliyoachwa wazi, akapima pauni 315, na Joseph Parker akammaliza raundi ya 2. Ngumi zake zilikuwa zilezile. Kilichokosekana ni kambi.

Kipimo rahisi: wiki nne kabla ya pambano mpe raundi 8 za begi, dakika tatu kwa tatu. Hesabu makonde ya raundi ya 2 na ya raundi ya 8. Yakipungua zaidi ya robo, ama amebeba kilo zisizo na kazi ama pumzi bado. Usimwongezee misuli ili “alingane” na jitu. Hatalingana naye, na atapoteza kitu pekee alichomzidi.

2. Soma video kwa mpango

Chagua mapambano matatu ya mpinzani: aliloshinda kirahisi, lililomtesa, na alilokutana na mtu wa mkono kama wa bondia wako. Kila raundi itazame mara mbili. Mara ya kwanza zima sauti na utazame miguu tu. Mara ya pili tazama mkono wake wa mbele unaporudi: unarudi shavuni, au unaangukia kifuani kwanza?

Andika majibu ya maswali haya. Anapopigwa, anarudi nyuma moja kwa moja, anakumbatia, au anajibu palepale? Konde gani analipiga baada ya kukosa? Raundi ya 7 anapumua kwa mdomo? Sekunde 30 za mwisho anafanya nini? Bondia usimpe kurasa kumi. Mpe mambo mawili ya kufanya na moja la kukwepa.

3. Kambi

Wiki 8 hadi 10 zinatosha kwa bondia ambaye hakuwa amelala. Sparingi, yaani mazoezi ya kupigana na mwenzake, ianze wiki ya tatu kwa raundi 4, ipande hadi raundi 10 au 12 wiki ya sita na ya saba, kisha ishuke. Sparingi ya mwisho iwe siku 7 hadi 10 kabla ya pambano. Glovu za sparingi ziwe za aunsi 16 au 18. Za pambano katika uzito huu ni aunsi 10, kwa hiyo wiki mbili za mwisho apige pedi kwa glovu za aunsi 10 azoee kinga inayoacha mianya mikubwa.

Tafuta wenzake watatu warefu na wazito, na wabadilishe kila baada ya raundi mbili ili kila anayeingia awe na pumzi mpya. Huku kwetu watu wa kilo 115 wenye ufundi ni wa kuhesabu. Ukikosa, tumia mrefu mwepesi kwa kazi ya masafa, na mzito asiye bondia, mcheza mieleka au raga, kwa kazi ya mkumbatio tu bila ngumi.

4. Mambo ya mkataba

Ukubwa wa ulingo unajadiliwa. Bondia wa miguu anataka futi 20 ndani ya kamba, kama mita 6. Mwenye kusukuma anataka mdogo. Fika siku moja kabla, panda ulingoni na viatu vya pambano, uukanyage. Turubai iliyowekwa sponji nene chini inameza miguu ya anayezunguka. Kabla ya pambano la Düsseldorf dhidi ya Wladimir Klitschko, Novemba 28, 2015, kambi ya Fury ililalamikia ulaini wa sakafu hadi ikarekebishwa, kisha Fury akashinda kwa pointi.

5. Raundi tatu za kwanza: miguu

Hapa ndipo pambano linapopatikana au kupotea, ingawa kwenye televisheni huonekana kama hakuna kinachotokea.

Chukua mfano wa bondia wa mashoto dhidi ya wa kulia. Mguu wake wa mbele ni wa kulia, wa mpinzani ni wa kushoto, na miguu hiyo miwili inagombea njia moja. Mashoto aweke mguu wake wa kulia nje ya mguu wa kushoto wa mpinzani, nusu unyayo tu, kidole gumba kikielekea kifua cha mpinzani. Akiwa hapo, mkono wake wa kushoto una njia iliyonyooka katikati ya glovu mbili, na mkono wa kulia wa mpinzani unalazimika kusafiri kuvuka mwili wake mwenyewe.

Kuna matatizo mawili. La kwanza: upande huo ndiko inakotoka huki (konde la kuzungusha) ya kushoto ya mpinzani. Kwa hiyo glovu ya kulia igande shavuni mguu unapoingia, na hatua ifuate jabu (konde fupi lililonyooka la mkono wa mbele), isiitangulie. La pili: ukienda upande huohuo kila mara, jitu litaacha kukufuata na kuanza kukusubiri. Kila baada ya mara mbili au tatu, aende kinyume, kushoto. Lakini huko kuna mkono wa kulia, mkono wa nyuma, ule unaomaliza mapambano. Aende kushoto pale tu mkono huo umeshatoka na kukosa, au umeshatishwa kwa kuzuga.

Hatua ziwe fupi. Mguu wa upande unaokwenda ndio unaotangulia, mwingine unafuata, na nafasi kati yao haibadiliki. Akipishanisha miguu, hata jabu dhaifu itamwangusha, na kuanguka kwa kusukumwa majaji wengine hukuona vibaya. Kurukaruka nako kunapendeza raundi ya 2 na kunalipiwa raundi ya 9.

Kosa kubwa ni kurudi nyuma kwa mstari mnyoofu. Katika ulingo wa mita 6, kutoka katikati hadi kamba ni mita 3, yaani hatua tatu au nne. Weka sheria: hatua mbili nyuma, ya tatu pembeni. Zoezi lake halihitaji fedha. Bandika utepe sakafuni kuonyesha kamba, chukua mpini wa fagio, mchokoze nao kifuani na usoni raundi nne, naye haruhusiwi kupiga. Mpini ukimgusa akiwa amekanyaga utepe, raundi inaanza upya. Siku ya tatu utaona anaacha kutazama mpini na kuanza kutazama bega lako, na hapo miguu inaanza kutangulia yenyewe.

6. Jabu ya mtu mfupi

Mrefu hukwepa kwa kuvuta kichwa nyuma. Kichwa kinaondoka, kifua kinabaki. Kwa hiyo nusu ya jabu ziende kifuani na tumboni, nyingine begani. Jabu ya begani haihesabiwi na majaji wala haiumizi siku hiyo, lakini inachelewesha mkono uleule unaotaka kukupiga. Nyingine iende kwenye paji la uso, si kuumiza, kuziba macho tu kwa nusu sekunde mguu unapobadilisha nafasi.

Usitupe jabu tatu zinazofanana mfululizo. Zuga mbili, piga moja. Jitu likizugwa linakaza misuli na kusimama, na kukaza huko kunakula pumzi kama kupiga kwenyewe. Mkono urudi kwenye usawa uleule uliotokea. Ukirudi chini, krosi, konde lililonyooka la mkono wa nyuma, itapita juu yake.

7. Mwili

Ini liko upande wa kulia, nyuma ya mbavu za chini. Bondia wa kulia hulifikia kwa huki ya kushoto. Wa mashoto analo mbele ya mkono wake wenye nguvu. Njia salama kwa mfupi ni konde lililonyooka la kushoto kwenda tumboni huku magoti yamekunjwa na kichwa kimetoka nje ya mstari. Akiinama kiunoni badala ya magotini, apakati, konde la kutoka chini kwenda juu, inamsubiri. Usyk aliwekeza mwilini kwa Fury tangu mwanzo wa pambano lao la kwanza, Mei 18, 2024, na matunda yakaonekana raundi ya 8 na ya 9.

Lenga juu ya mstari wa kitovu. Kaptula ikivutwa juu mno, mwombe refa airekebishe kabla ya kengele ya kwanza, si baada ya malalamiko. Bondia aliyepigwa chini ya mkanda anapewa hadi dakika 5 za kupumzika, na azitumie. Usyk alizitumia kwa utulivu Wrocław, Agosti 2023, baada ya konde la Daniel Dubois la raundi ya 5 ambalo refa alilihesabu kuwa la chini na ambalo linabishaniwa mpaka leo. Raundi ya 9 akammaliza.

8. Mkumbatio

Mabondia wepesi wengi wanashindwa hapa bila kupigwa konde la maana. Mzito anakushika, anaweka kigasha nyuma ya shingo yako na kukulalia. Sekunde saba za kubeba kilo 125 kwa shingo na mgongo zinachosha kuliko sekunde 30 za kupigana. Klitschko alimlalia hivyo Alexander Povetkin Moscow, Oktoba 5, 2013, usiku kucha. Refa alimkata pointi moja tu, tena raundi ya 11, na matokeo yakawa 119-104 kwa majaji wote. Usimtegemee refa.

Mfundishe bondia wako hivi:

- Anaposhikwa asijaribu kumwinua wala kumsukuma kwa mikono. Paji la uso liingie chini ya kidevu cha mpinzani au kwenye mfupa wa kifua, mgongo unyooke. Kichwa kikiinama chini ya kwapa lake, umekwisha.
- Viwiko viingie ndani ya mikono yake. Aliye ndani ndiye anayeamua lini mtaachana.
- Mkono mmoja ukibaki huru, upige mbavu mara mbili tatu, fupi, bila kuvuta nyuma. Refa akiona kazi inaendelea huchelewa kuachanisha, na majaji wanaona nani anafanya kazi.
- Atoke kwa kuzunguka: sukuma kiwiko chake kwa kiganja, piga hatua pembeni, mzito aliyekulalia aangukie mahali ulipokuwa. Hii moja, ikifanywa mara tano kwa raundi, inamaliza miguu ya jitu kuliko jabu yoyote.
- Refa akisema achaneni, mikono juu na hatua ya nyuma ukimtazama. Makonde mengi ya bahati hupatikana hapa.

Fanya raundi mbili za mkumbatio mtupu kila siku ya sparingi, mwishoni, akiwa ameshachoka.

9. Kamba, na somo la Kinshasa

Kila gym ina kijana anayeegemea kamba na kusema anafanya alichofanya Muhammad Ali. Tarehe 30 Oktoba 1974, Kinshasa, Ali alimwangusha George Foreman raundi ya 8, na mbinu ile ilisimama juu ya mambo manne yaliyokutana siku moja. Kamba zilikuwa zimelegea, akaweza kulala nyuma mbali na makonde. Pambano lilikuwa la raundi 15, kwa hiyo muda wa kusubiri ulikuwepo. Foreman alikuwa amemaliza mapambano yake matatu ya awali ya ubingwa, na Frazier, Roman na Norton, kwa jumla ya raundi tano, na katika joto lile alikuwa akitupa makonde mapana kwa nguvu zote. Na Ali hakuwa amelala tu: alikuwa akimvuta shingo kila walipokaribiana, na mwishoni mwa raundi akijibu kwa makonde yaliyonyooka usoni.

Leo ni raundi 12 na kamba hukazwa. Jaji akimwona mtu kambani anazuia bila kujibu, raundi imekwenda. Bondia wako akibanwa kambani ana sekunde tatu: jibu kwa makonde mawili, kumbatia, au geuka. Kuziba uso na kusubiri si jibu.

10. Mtu akianguka

Akianguka wako: apige goti, atazame kona (kocha na wasaidizi wake), asikie hesabu, asimame kwenye nane, si kabla. Refa atamwambia atembee kwake. Atembee kwa miguu, asijibu kwa mdomo tu. Baada ya hapo kazi ni moja, kushika na kuzunguka hadi kengele. Asitegemee kengele impe nafuu akiwa chini, kwa kuwa chini ya sheria zinazotumika sana Marekani hesabu huendelea hata raundi ikiisha.

Akianguka mpinzani ni hatari zaidi kuliko inavyoonekana. Joshua alimwangusha Ruiz raundi ya 3, akaingia kummaliza kifua wazi, akakutana na huki ya kushoto kwenye panja. Akaanguka mara mbili raundi ileile, mara mbili tena raundi ya 7. Mpinzani aliyetikiswa bado ana konde moja la kutupa bila kufikiri, na katika uzito huu moja linatosha. Anza na jabu, piga mwili, rudi nje ya masafa, tazama, rudia. Mikono yake ikiacha kujibu ndipo umimine.

Usidharau hesabu hata asipomalizwa. Raundi ya 9 ya pambano la kwanza la Usyk na Fury, Fury alibebwa na kamba na refa akahesabu, raundi ikawa 10-8. Matokeo yalikuwa 115-112 na 114-113 kwa Usyk, 114-113 kwa Fury. Ondoa hesabu ile, raundi ibaki 10-9, na kadi ya 114-113 ya Usyk inakuwa 114-114. Jaji mmoja kila upande na mmoja wa sare: pambano zima linakuwa sare.

11. Sekunde 60 za kona

Sekunde 10 za kwanza: kiti, kinga ya meno nje, apumue kwa pua. Usiseme neno. Sekunde 30 zinazofuata: sauti moja tu, maagizo mawili, la pili liwe kurudia la kwanza kwa maneno mengine. Wakati huohuo mwingine aweke barafu kisogoni na chuma cha baridi kwenye uvimbe, akikandamiza bila kusugua. Kwenye jeraha: kausha, pamba yenye adrenalini ya 1:1000, kandamiza, halafu mafuta ya mgando juu yake. Kona ya Mike Tyson ilikwenda Tokyo, Februari 11, 1990, bila chuma hicho, ikaishia kushikilia glovu ya mpira iliyojazwa maji ya barafu kwenye jicho lililofumba. Raundi ya 10 Buster Douglas akamwangusha. Maji ni funda mbili. Ishara ya sekunde 10 ikilia, kinga mdomoni na kiti nje.

Kadi yako iandike kwa kalamu kila raundi, na raundi yenye shaka mpe mpinzani, hasa mkiwa ugenini.

Kabla ya kupanda ulingoni kubalianeni nani ana neno la mwisho la kusimamisha. Februari 22, 2020 Fury alikuwa akimshambulia Deontay Wilder raundi ya 7 pale Mark Breland wa kona ya Wilder alipotupa taulo, na kona yenyewe ikagawanyika kuhusu uamuzi huo. Dalili ziwe zimeandikwa: ameanguka bila kukinga kwa mikono, mguu mmoja unaburuta, hajibu swali la raundi ya ngapi, au raundi mbili mfululizo amepigwa bila kurudisha kitu. Moja ikitokea, aliyepewa neno apande kwenye ukingo wa ulingo refa amwone, kwa sababu mahali pengi taulo peke yake halimlazimishi kusimamisha.